Mbuzi wa Ntheo na Karata Iliyolala

Mbumbuni, 4 Juni 2025

Kyule,

Salamu sikuletei. Nilikuwa nazo, nikazirudisha ndani.

Utajiuliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani, na Kaveke wa duka ana simu ya kuazima. Ni kwa sababu ya sauti yako. Wewe kwa simu unasema "mama, tulia", na mimi natulia kabla sijasema kilichonileta. Nakata simu nikicheka. Nikifika nyumbani ndio nakumbuka sikuuliza kitu. Karatasi haina sauti. Utasoma yote, na hakuna mahali pa kuniambia nitulie.

Siku ya soko Gedion wa lori alishusha hapa mbuzi za tajiri wako Mahamud. Nikamuuliza kama uko mzima. Akasema, "Huyo? Huyo siku hizi hachungi mbuzi, anachunga karata. Anakaa kwa kivuli na simu, mbuzi ndio wanamchunga yeye." Watu wa pale kwa mizani ya ndengu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa aibu. Halafu nikakumbuka hiyo simu ni yangu.

Ni yangu, Kyule. Niliinunua na ndengu za shamba la marehemu mama. Ulichukua hiyo kubwa ukaniachia hii ya kubonyeza, yenye betri imevimba kama chapati, ukasema huko Tseikuru utapigia wanunuzi picha za mbuzi. Sasa wanunuzi wako ni karata?

Mahali tumesimama unapajua. Mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kuoa kwa mila yetu, wasipoingia kwa boma la baba, mimi si mke wa mtu, hata nikikuzalia kumi. Na Kasiva si wa kwenu. Nilimpa jina la mama yako siku ya tatu, mbele ya wanawake, kabla hata kwato moja haijakanyaga hapa. Baba aliniambia, "Umepanda kwa shamba ambalo hujaonyeshwa mpaka." Nikamjibu, Kyule analeta. Unamjua baba, mzee Nthiwa, ni mzee wa kanisa, hapigi kelele. Alisema tu atangoja mpaka mvua ya vuli. Mvua ikitangulia mbuzi, mtoto ataitwa Ndinda, jina la mama yangu, ahesabiwe wa nyumba hii, na mambo yako na yangu yatakuwa yameishia hapo.

Uliniambia mbuzi wawili tayari wako kwa zizi la Mahamud, wanangoja wa tatu. Bado wanangoja? Na hiyo karata ni kitu gani?

Kasiva ameota meno mawili ya chini. Sikutaka kukuambia, lakini kalamu imeshaandika.

Mama Kasiva


Tseikuru, 11 Juni 2025

Mama Kasiva mpenzi,

Tulia kwanza. Umesema hakuna mahali pa kusema hivyo kwa karatasi. Mimi nimepaona.

Gedion mdomo wake hauna breki, na lori lake ni vile vile. Usimsikize.

Hiyo si kamari. Kamari ni ile ya mpira, watu ishirini na wawili hata huwajui wanakimbia, na wewe umeketi unaomba Mungu. Hii ya mtandaoni inaitwa blackjack, ni hesabu tupu. Wacha nikufundishe, maana darasa la saba ulikuwa unanishinda hesabu na sikuwahi kukasirika.

Unafungua simu, unaweka dau. Unapewa karata mbili, zote zinaonekana. Yule anayegawa anaitwa dila. Naye anajipa mbili, moja wazi, moja imelala kifudifudi. Karata ya namba inahesabiwa namba yake. Kingi, kwini na jeki ni kumi kumi. Esi ni moja ama kumi na moja, vile itakufaa. Unatafuta ishirini na moja ama karibu yake, bila kupita. Ukitaka karata nyingine unabonyeza ya kuongeza. Ukiona zimetosha unabonyeza ya kusimama. Ukipita ishirini na moja umepasuka, dau limeenda.

Sasa sikiza utamu. Dila hana akili yake. Akiwa na kumi na sita ni lazima aongeze, akifika kumi na saba ni lazima asimame, hata moyo ukimwambia nini. Kwa hivyo yeye akionyesha tano ama sita, wewe simama tu hapo ulipo, mwache aongeze apasuke. Akionyesha kumi, jikaze uongeze. Wewe unafikiri, yeye hafikiri. Mtu anayefikiri atashindwaje na asiyefikiri?

Kuna hata ile ya mazoezi, ya bure. Nilianza na hiyo, nikashinda mpaka nikaihurumia.

Mbuzi wako salama. Wamenona. Busu kwa hayo meno mawili.

Wako, Baba Kasiva


Mbumbuni, 20 Juni 2025

Baba Kasiva,

Nimecheza hiyo hesabu yako.

Usishtuke. Kaveke ana karata kuukuu alizoachiwa na kaka yake. Tulijificha nyuma ya magunia dukani, maana baba akipita akute binti ya mzee wa kanisa ameshika jeki mkononi, siku hiyo ingekuwa na matanga. Nilimsomea Kaveke barua yako, yeye akawa dila, mimi nikawa wewe. Dau letu ni punje za ndengu. Kasiva alikula pembe ya kwini.

Nilifanya vile uliandika. Akionyesha tano, nasimama. Akionyesha kumi, najikaza. Kuna wakati nilishinda, na nakuambia ukweli, kulikuwa kutamu. Nilielewa kwa nini unakaa kwa kivuli. Lakini kabla mahindi ya muthokoi hayajaiva, kikombe changu kilikuwa kimebaki vumbi. Na Kaveke hata hakuwa makini. Alikuwa akipimia watu sukari, anarudi, anauliza, "Nina ngapi? Kumi na sita? Haya, naongeza." Ndengu zangu zote zikahamia kwake na yeye anaongea na wateja.

Nikakaa nikatafuta zinapotelea wapi. Nikapaona. Mimi ndiye ninayeanza. Nikipasuka, dau langu linabebwa papo hapo, na yeye bado hajafunua ile iliyolala. Mara zingine tulifunua yake baadaye, kwa kutaka kujua tu, tukaona na yeye angepasuka. Hakurudisha. Sheria haisemi arudishe. Hiyo ndiyo hesabu yako. Asiyefikiri hana haja ya kufikiri. Kazi yake ni kungoja wewe utangulie.

Sasa kuna kitu kingine niliona hapo, na hicho ndicho kimenikasirisha zaidi ya ndengu. Mimi nimekufungulia zangu zote mbili. Mtoto huyu hapa. Jina la mama yako hilo hapa, linaitwa kila asubuhi kwa boma ambalo halijala mbuzi wako. Nimetangulia, Kyule. Wewe una moja wazi, hiyo sauti yako, na nyingine imelala kifudifudi.

"Wamenona." Mtu aliyekulia kwa mbuzi anaweza kusema neno moja hilo anyamaze? Kyule ninayemjua angeniambia huyu ana doa kwa paji, yule amepinda pembe, huyu mwingine ana tabia ya kula nguo. Hao wawili wana rangi gani? Wake kwa waume ni wangapi?

Funua.

Mama Kasiva


Tseikuru, 2 Julai 2025

Mama Kasiva,

Umeniita mwongo bila kutaja neno lenyewe. Sawa. Maneno nimeishiwa, angalia nyuma ya lori.

Wawili weupe, wa masikio marefu. Mmoja wa kahawia mwenye kengele, jike, ndiye kiongozi, ukimwongoza yeye hao wengine wanafuata. Watatu. Nimewanunua kwa Awo, mke wa Mahamud, ambaye ana mbuzi zake mwenyewe mbali na za mzee. Ile alama ya sikio ni ya kwao, usishangae.

Karata nimeacha. Mwambie mzee Nthiwa apange siku. Nitashuka nikiwa nimenyoa.

Funua yako sasa, ya kuniomba msamaha.

Baba Kasiva


Mbumbuni, 5 Julai 2025

Baba Kasiva wangu,

Nimekaa na hasira yangu, imekosa kazi.

Ungeona. Gedion aliwashusha hapo kwa lango, baba akatoka na kofia yake ya kanisa ingawa si Jumapili. Akawashika migongo, akawafungua midomo akaangalia meno, akaguna. Wewe unajua baba akiguna hivyo ni kama mtu mwingine amepiga makofi. Akasema, "Hawa wamelishwa na mtu anayewapenda." Nikaenda nyuma ya jikoni nikalia, halafu nikarudi kama nilikuwa nafuata kuni.

Siku ni Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Baba ameshaita wazee, na wanawake wa kanisa wataleta sufuria. Nimekata kitambaa cha Kasiva cha siku hiyo, cha manjano.

Yule wa kengele Kasiva hamwachi. Anatambaa anafuata mlio, akiufikia anacheka na hayo meno yake mawili. Ni mara ya kwanza mtoto huyu kuwa na kitu kilichotoka kwa baba yake.

Nisamehe. Sikukuamini, na mdomo wangu ulikuwa mkali. Nitamwandikia huyo mama aliyekuuzia, nimshukuru. Mtu hauzi mbuzi mzuri hivyo kwa mgeni bila roho nzuri.

Njoo ukiwa umenyoa. Njoo hata kama hujanyoa.

Mama Kasiva wako


Mbumbuni, 5 Julai 2025

Mama Awo,

Hunijui. Mimi ni Ndunge, mama wa mtoto wa Kyule, yule anayechunga mbuzi zenu. Naomba radhi kwa mwandiko, niliacha shule kidato cha pili.

Nataka kusema asante kwa mbuzi watatu uliomuuzia Kyule. Pengine kwako ilikuwa biashara ya siku moja, lakini kwetu hao ndio wananifanya mke na kumpa mtoto wangu nyumba. Watachinjwa tarehe ishirini na sita, na siku hiyo nitataja jina lako.

Na asante zaidi kwa kengele. Ungeweza kuivua, ukaiacha. Mtoto wangu anaipenda sana, akiisikia anaacha hata kunyonya.

Mungu akuwekee.

Ndunge


Tseikuru, 19 Julai 2025

Binti yangu Ndunge,

Assalaam aleikum. Anayeandika ni mwanangu Ismahan. Maneno ni yangu, nimemwambia asiyapambe.

Mimi sikuuza mbuzi.

Mwisho wa mwezi wa sita kijana alirudi jioni bila hao watatu. Alikaa chini mbele yangu akalia, akasema fisi wamewaingilia kwa korongo. Nikampa chai ya maziwa ya ngamia. Nikamwambia, mwanangu, usilie, fisi naye ni wa Mungu. Kumbe mimi ndiye nilikuwa namfariji.

Hao si wa biashara ya Mahamud. Siku niliyoolewa nilipewa mbuzi wangu wa mahari, na hao ni vizazi vyao. Yule wa kahawia, mama ya bibi yake nilikuja naye kwa mguu hadi nyumba hii.

Nilipokusikia unataja kengele, nilifurahi kwanza. Nikasema, yuko hai. Maana kwetu mnyama akiuzwa, kengele na kamba hubaki nyumbani. Anayeuza na kengele ameuza na baraka ya zizi. Kyule amekaa nasi karibu mwaka, na hilo hakulijua. Hakuangalia.

Mbuzi wake mwenyewe hapa hana, na hajawahi kuwa naye. Ismahan anasema mshahara wote unaingia kwa simu na unaishia huko huko.

Mahamud sijamwambia. Nimekutanguliza wewe. Kama wameshachinjwa, niambie, nitanyamaza nilie peke yangu. Kama wangali hai, pia niambie. Mimi ni mwanamke kama wewe, sitakufundisha la kufanya.

Mama yako, Awo


Mbumbuni, 23 Julai 2025

Kyule,

Fisi gani huyo, anakula mbuzi watatu na kengele hailii?

Nimesoma barua ya Mama Awo nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitainuka. Ameniandikia kwa heshima. Hakuna tusi hata moja, na hiyo ndiyo imeniua. Angenitukana ningekuwa na mahali pa kushika. Amekupa chai, Kyule. Ulikunywa? Ulimeza vizuri?

Ulichukua mahari ya mwanamke mmoja uende kulipa mwanamke mwingine. Ulikuwa unafikiri nini? Wacha nikuambie, maana sasa hesabu yako naijua. Ulifikiri utaongeza kidogo tu, utashinda, utanunua wengine watatu, utawarudisha kwa zizi na Mama Awo atasema kumbe fisi aliwatapika. Sivyo? Wewe ni wa kuongeza. Hata ukiwa na ishirini unaongeza.

Na mimi mjinga nikakuomba msamaha. Niliandika kwa mkono wangu, "sikukuamini." Nirudishie hiyo karatasi. Sitaki ilale kwa mfuko wako na hizo zingine.

Zimebaki siku tatu. Wazee wameitwa, sufuria zimeshaletwa. Kaveke ananiambia, "Nyamaza, mama. Nyama ikishaliwa haina alama ya sikio. Mama Awo amesema atanyamaza. Mtoto apate nyumba, hayo mengine ni ya baadaye." Anasema kwa kunipenda. Na nimekaa hapa tangu asubuhi nikiifikiria hiyo nyama. Nakuambia hili ulijue. Ulinifikisha mahali ambapo mimi, Ndunge, nilikaa nikapima kama nimlishe baba yangu wizi, ili mtoto wangu aitwe wa kwenu. Nilisimama kwa kumi na sita, nikawaza kuongeza.

Halafu Kasiva akatambaa mpaka kwa yule wa kahawia, akashika kengele. Mbuzi akatulia kabisa, hakusogeza hata mguu, asimkanyage mtoto. Mnyama amelelewa na mtu hadi amejua adabu. Wewe umelelewa na nani?

Usishuke. Hakuna siku tena.

Ndunge


Mbumbuni, 24 Julai 2025

Mama Awo,

Wako hai. Gedion anawapandisha sasa hivi, na barua hii iko kwake. Kengele iko shingoni, nimeikagua kwa mkono wangu. Mweupe mmoja amejikuna kwa ukuta, amechubuka kidogo kwa bega, nimempaka mafuta.

Baba nilimwambia mwenyewe. Nilidhani atanipigia kelele, na afadhali angepiga. Alivua kofia akaishika. Akaniuliza, "Uliyajua lini?" Nikamwambia, jana. Akaniuliza, "Na umelala nayo?" Nikasema, ndiyo, usiku mmoja. Akatikisa kichwa, akaenda zizini akawafungua kamba, mmoja mmoja, akiwaongelesha. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wazee hakuna kitu Jumamosi. Mzee wa kanisa, Mama, akibisha milango ya watu kutangaza aibu ambayo si yake. Nilimwona akirudi anatembea katikati ya barabara kama mtu asiyeona.

Aliniambia jambo moja tu. Neno lake la mvua ya vuli liko pale pale, halikuondoka na mbuzi.

Sikuombi umsamehe Kyule. Nakuomba unisamehe mimi kwa ile asante. Ilikuwa ya kweli, ndiyo maana inaniuma.

Ndunge


Tseikuru, 10 Agosti 2025

Binti yangu,

Wamefika. Yule wa kahawia alishuka kwa lori akaenda moja kwa moja mahali pake pa kulala, akatuangalia kama sisi ndio tulikuwa safarini.

Sasa Mahamud anajua. Alitaka kumpeleka Kyule kwa polisi. Nikamwambia, mbuzi ni wangu, kesi ni yangu. Kyule atachunga mbuzi zangu mpaka niseme basi, na simu ataiona kwa wengine. Alikubali. Kijana hakuwa na njia nyingine, lakini alikubali.

Simu yako, maana Kyule amekiri ni yako, iko kwa kitambaa alichobeba Gedion. Ismahan aliipangusa.

Na nyuma ya lori kuna kitoto cha mbuzi, jike, mjukuu wa yule wa kahawia. Si wa Kyule na si wa ntheo. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa mnyama, kitovu chake kifungwe na kitu kinachoishi. Wako alizaliwa mbali, nimechelewa. Ni wake yeye, si wako wala wa babu yake. Atakachozaa ni chake.

Utaona amevaa kengele ndogo. Nilikuambia kinachouzwa huvuliwa. Kinachotolewa kwa moyo huenda na kengele yake.

Awo


Tseikuru, 28 Septemba 2025

Ndunge,

Hujanijibu barua mbili. Hii ni ya tatu, na Gedion amekataa kunibebea maneno ya mdomo, anasema yeye hubeba vitu vya ukweli.

Sina la kujitetea. Niliteleza. Kila mara nilikuwa karibu sana, ungeona mwenyewe, kumi na tisa yeye ishirini, ishirini yeye ishirini na moja. Si kwamba sijui kucheza. Ni vile tu karata zilikataa kwa wakati mbaya. Lakini nimeacha, hata simu sina, utaniamini kwa nguvu.

Namchungia huyu mama kutoka alfajiri. Hanisemeshi vibaya. Ananipa chai ile ile, na kila siku inakuwa chungu zaidi.

Nimefikiria jambo. Nasikia Awo alimtumia Kasiva mbuzi jike. Mvua iko karibu, na mzee Nthiwa hageuzi neno. Kwa nini tusimhesabu huyo kama wa kwanza wa ntheo? Yuko tayari hapo bomani, hakuna wa kubisha. Mimi nalipa kwa jasho huku, kwa hivyo ni kama ametoka kwangu. Mzee akiona mmoja ameingia atalegea, atanipa muda wa hao wawili. Tukianza na karata moja nzuri, zingine zinafuata. Ongea naye, wewe unajua kumwongelesha.

Fanya hivyo kwa ajili ya Kasiva.

Baba yake


Mbumbuni, 21 Oktoba 2025

Kyule,

Mvua imenyesha leo.

Ilianza tukiwa shambani, matone makubwa, vumbi likanuka vizuri vile unajua. Baba aliweka jembe chini akanitazama. Sikumngoja aseme. Nilimwambia, "Mtoto anaitwa Ndinda." Akainama akachukua jembe, akaendelea. Baadaye nilimwona anapangusa uso, na sijui kama ilikuwa mvua.

Jina la mama yako nimelirudisha kama nilivyowarudisha wale mbuzi. Mama yako hana kosa. Lakini lilikuwa jina la kungoja, na mimi nililiweka mezani mapema. Hiyo ilikuwa kamari yangu, nimeilipa mimi. Mtoto bado anageuka ukimwita Kasiva. Atajifunza. Ana umri wa kujifunza.

Sasa nikujibu la mbuzi.

Mtoto wako ana kitu kimoja duniani. Kimoja. Hata shuka analofunikwa ni langu. Hicho kimoja hakikutoka kwako, kilitoka kwa mwanamke uliyemwibia. Na wewe ukakaa huko, ukakiangalia kutoka mbali hivyo, ukaona dau.

Ndiyo nilielewa kwamba simu haikuwa shida. Mama Awo alikunyang'anya simu na bado unacheza.

Niliifungua hiyo simu. Nilikuwa naogopa nitakuta wanawake. Nilikuta ujumbe, umejaa kama siafu, kila mmoja unasema, "Mama Kasiva, meza yako inakungoja." Ulijiandikisha kwa jina langu. Kila ulipopasuka, ni mimi niliyepasuka. Nilikaa nikautazama, nikafuta yote. Kwa hivyo huyo Mama Kasiva aliyekuwa akikuamini, ukimtaka, mtafute huko mezani. Hapa ameondoka.

Sikuchukii. Ningekuchukia ningepumzika. Siku moja, kama utakuja, usije na sauti. Njoo kwa miguu, na mbuzi watatu uliowalea wewe, unaowajua doa kwa doa, ambao mwenye zizi amekuvulia kengele mbele ya watu. Sikuahidi nitakuwa nikikungoja. Nakuambia tu lango liko wapi, na lango unalijua.

Kwa simu hiyo sasa nawatumia wateja picha za ndengu, na ndengu zenyewe zimeanza kununuliwa hadi soko la Malili. Nimepanda mistari zaidi ya mwaka jana.

Yule mbuzi mdogo analowa nje, hataki kuingia zizini. Ndinda amesimama mlangoni ameshika ukuta, ni mara yake ya kwanza kusimama bila mkono wangu. Anasikiliza kengele. Naenda kumfungulia mtoto mlango, kwa hivyo naishia hapa.

Mama Ndinda